Mbinya na Karai la Wodini

Mbinya ni mtoto wangu wa pili. Tangu utotoni alipenda vichanga kupita kiasi. Mwanamke akijifungua hapa Mbumbuni, Mbinya alikuwa amefika kwake kabla chai haijachemka, na akimshika mtoto, mtoto alinyamaza. Kwa hivyo alipomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya kuendelea, nilimpeleka mwenyewe katika hospitali moja ya misheni kuomba kazi. Walimchukua awe msaidizi katika wodi ya akina mama wanaojifungua. Alikuwa akiosha watoto, kubadilisha nepi na kupanguza vitanda. Sista Muthoki, muuguzi aliyesimamia wodi hiyo, alimwambia kwamba akifanya kazi vizuri, atamwombea nafasi ya kusomea ukunga. Hilo ndilo Mbinya alilolitaka duniani. Mimi pia.

Alianza mwaka wa 1984, mwaka wa ile njaa kubwa. Mlangoni pa wodi palikuwa na karai la maji yaliyotiwa dawa ya kuua viini. Ukitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, unachovya mikono humo, kisha unaisuuza kwenye mfereji. Lakini mfereji ulikauka. Maji yakawa ya kuletwa na trekta, na hayo yaliwekewa wagonjwa. Wafanyakazi wakaacha kusuuza. Walichovya, wakakung'uta mikono, wakaendelea. Wengi wao hawakudhurika. Mbinya, kwa kuogopa kumwambukiza mtoto wa watu, alichovya mara mbili mbili.

Nilijua kuna jambo siku alipokuja nyumbani akaomba kijiko cha kulia ngima, ugali wetu.

"Tangu lini unakula ngima kwa kijiko kama mzungu?" nikamuuliza.

"Hospitalini tumezoea hivyo, mwaitu."

Mwaitu ndivyo watoto wetu wanavyomwita mama. Alilisema kwa upole, lakini mkono mmoja aliuacha chini ya meza. Niliuvuta. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa nyekundu kama nyama mbichi. Kwenye viungo ilipasuka, na pembeni palijaa malengelenge madogo ya maji.

"Ni viini vimeniingia," akasema. "Lakini jioni ninailoweka mikono kwenye ile dawa. Inachoma sana, kwa hivyo najua inafanya kazi."

Mimi sikusoma sana. Nilidhani mtu wa hospitali anajua mambo ya hospitali. Niliendelea kuitazama tu kila alipokuja, na kila alipokuja ilikuwa mibaya zaidi.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, tunatoka na kupanga mstari nje, kila mtu akimsalimu mwenzake kwa mkono mpaka mstari uishe. Mbinya alianza kutoa kifundo cha mkono badala ya kiganja, kama tunavyofanya mikono ikiwa na matope. Mwanzoni watu walikishika bila neno. Kisha Mama Nzomo, ambaye mdomo wake hauna mlango, akasema kwa sauti, "Mbinya, kila Jumapili unatoka kulima? Na shamba hilo lenye unyevu liko wapi, utuonyeshe na sisi?"

Watu walicheka, na Mbinya akacheka nao. Lakini Jumapili zilizofuata nilihesabu macho yaliyoangalia mikono yake kabla ya kuangalia uso wake. Mwishowe wengine walimpita kwa kutikisa kichwa tu, na nyuma yangu nikasikia mtu akinong'ona neno ukoma.

Wodini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mama mmoja, Syombua, alimwona akimkaribia mtoto wake akapiga kelele. "Huyo asiguse mwanangu! Mikono ya kenge hiyo! Mnatufundisha usafi, halafu mnatuletea huyu!"

Sista Muthoki akampeleka kwa daktari. Daktari akasema ni ukurutu. Hauambukizi, akasema. Ngozi yake imechoshwa na maji na ile dawa ya karai. Akampa dawa ya kupaka, akamwamuru akae nyumbani bila kugusa maji mpaka apone.

Nilifua nguo zake. Niliosha vyombo vyake. Dada zake walimtania, "Bibi harusi wetu, tukuoshe na miguu?" Na mikono ikapona. Ikalainika kabisa. Nilimshukuru Mungu mbele ya kanisa, na Mbinya akarudi kazini akiimba njiani.

Hazikupita Jumapili mbili. Ukurutu ukarudi, tena mkali kuliko kwanza.

Walimpa glavu. Glavu zenyewe zilikuwa zile zinazofuliwa, kuchemshwa na kunyunyiziwa unga ili zivaliwe tena. Mikono ilitokwa jasho ndani yake ikazidi kuumuka. Nikaenda mwenyewe kumwona Sista Muthoki.

"Mpe kazi nyingine, Sista. Hata kufua."

"Kufua ni maji, Mama Mbinya."

"Basi jikoni."

"Jikoni pia ni maji. Kazi ya kuandika kadi za wagonjwa ni kavu, lakini wanataka mtu wa kidato cha nne." Akanishika bega. "Nimegonga kila mlango. Sina kazi kavu ya kumpa. Na ukunga, mama, ni mikono. Siwezi kumpeleka."

Nilimkuta Mbinya nyuma ya wodi, mikono ameishikilia juu ili upepo uipoze.

"Kwani ni lazima uchovye?" nikamuuliza. "Wakati hakuna anayekuona, si uache tu?"

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Nisipochovya, nitaua mtoto wa mtu."

Tulirudi nyumbani pamoja. Hakurudi tena wodini.

Mvua ikaja kunyesha, mahindi yakaota. Mikono ya Mbinya ilipona tena, na safari hii haikuwa na pa kwenda kuharibika. Asubuhi moja Ndila, mke wa jirani yetu, alishikwa na uchungu ghafla, na mama mkwe wake, Kaluki, akasema, "Mwiteni Mbinya, yeye ametoka hospitali."

Mbinya alikuja. Alisimama mlangoni, mikono ameificha kwapani, akatuelekeza kwa mdomo tu, Kaluki akimwita susu, yaani nyanya. "Susu, chemsha huo wembe. Bado, usikate. Ndila, pumua, usisukume sasa." Mtoto akatoka, hakulia. Nikaona Mbinya amepiga hatua ndani, kisha akajizuia. "Msugueni mgongo! Kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, Susu, kwa nguvu!"

Mtoto akalia. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kaluki akamfunga mtoto kwa leso akaanza kumpitisha, kila mwanamke ampakate kidogo. Alipomfikia Mbinya akasita. "Wewe, binti, umechoka," akamwambia. "Pumzika tu." Akaninyooshea mimi.

Nilimpokea. Nikaitazama mikono ya binti yangu, ambayo alikuwa ameshaitoa kwapani bila kujua. Haikuwa na ufa hata mmoja.

"Shika," nikamwambia, nikimsogezea mtoto.

Alimtazama Ndila kwanza. Ndila aligeuza uso ukutani.

"Sijanawa," Mbinya akasema, akatoka nje.

Siku hizi watu bado huja kumwita uchungu ukimshika mtu, kwa sababu wanajua anajua. Mimi ndiye ninayetoka mlangoni kuwaambia hayupo. Yeye yuko ndani, anasikia kila neno.