Miaka Yangu Mkiani mwa Msafara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa nafasi ya mwisho, na nilinuna waziwazi. Nilitoka kwetu Mtoni alfajiri, suruali ya michezo chini ya dera, nikafika ofisi ya safari za baiskeli, Kinondoni, mlinzi hajamaliza hata kunawa uso. Nilijua nitapangwa mbele. Kwenye majaribio ya vilima vya Pugu niliwaacha wanaume kadhaa, na mmoja wao alishuka akaanza kusukuma baiskeli huku akiapa kwamba mnyororo wake umekatika, ingawa sote tuliuona ukizunguka vizuri tu. Lakini Kiongozi wa Msafara, mwanajeshi mstaafu mwenye sauti ya paredi, alinitazama kidogo akasema, "Wewe dada utakuwa mkia."

"Mkia? Mie?"

"Mkia anakaa nyuma ya mtu wa mwisho. Akisimama, unasimama. Akilia, unamsubiri amalize. Humpiti hata siku moja. Mkifika kambini unakuja kwangu, unaniambia: nyuma hakuna mtu. Hapo ndipo mpishi anapakua. Kabla hujasema hivyo, hapa hakuna anayekula, hata mie."

Niliamini ananidharau kwa sababu ni mwanamke. Nilikubali kwa vile nilipenda baiskeli kupita kiasi, na sikumjua mwanamke mwingine Temeke nzima aliyelipwa kwa kuiendesha. Ilinichukua muda kugundua kwamba yule mzee alikuwa amenipa kazi ngumu kuliko zote alizokuwa nazo, na kwamba aliwapima watu wengi kabla yangu akawaona hawaiwezi.

Nyie vijana mnaoonyeshwa njia na simu huenda mkadhani kazi ya safari za baiskeli ni kukanyaga pedali tu. Sie tulivusha watu mbuga za bara, siku baada ya siku, mahema na masufuria yakitangulia kwa lori. Zamani wageni walikuwa Wazungu peke yao. Baadaye wakaanza kuja wenzetu wa hapahapa, manesi, walimu, makarani wa benki, watu ambao daktari amewaambia wapunguze mwili na wengine ambao wamechoka kukaa. Kila asubuhi Fundi Mkuu alipita kwenye kila gurudumu akizigusa spoku kwa ukucha, moja moja, kama mtu anayejaribu gitaa. Spoku iliyolegea hutoa mlio mzito, na ukiiacha hivyo rimu itapinda kabla ya mchana. Ndiye aliyenifundisha kwamba baada ya pancha lazima upitishe vidole ndani ya tairi, taratibu, maana mwiba wa mgunga hubaki humohumo ukisubiri tyubu mpya. Vidole vyangu vina alama hadi leo.

Mie nilibeba pampu, tyubu, vipande vya mnyororo na tende. Tende zilinisaidia kuliko spana. Watu wengi wanaoitwa wavivu barabarani wana njaa tu.

Nyuma yangu ilikuja pikapu tuliyoiita gari la huruma. Hiyo ilimpakia aliyeshindwa, yeye na baiskeli yake. Dereva wake, Mzee Komba, alikuwa mpole, Mngoni mcheshi, lakini aliwavunja watu moyo kuliko mlima wowote. Alikuwa akisogea karibu, anashusha kioo, anasema kwa sauti ya upole, "Mama, kiti cha mbele kipo wazi, na redio inafanya kazi." Nilimkemea mara nyingi. Alicheka tu.

Kiongozi yule alipostaafu, uongozi wa barabarani ulichukuliwa na Meneja wa Safari mwenyewe. Alikuwa kijana hodari, aliwahi kushindana mbio za baiskeli, na mguu wake ulikuwa na nguvu kwelikweli, simnyimi sifa yake. Kosa lake ni kupenda mwendo. Akatugawa makundi mawili: kundi la mbele, la wenye kasi, na kundi la nyuma, langu. Kisha akageuza njia. Miaka yote tulitoka Dar kwenda bara, upepo ukitusukuma mgongoni. Yeye akaamua wateja wapelekwe Singida kwa basi, waendeshe kurudi Dar, wamalizie kwa kuogelea baharini Kigamboni. Kwenye tangazo ilipendeza sana. Tatizo ni kwamba upepo wa kiangazi haukuulizwa, na sasa ulikuwa unatupiga usoni kutoka mbuga hadi mbuga.

Safari ya kwanza ya namna hiyo, gari la huruma lilijaa. Safari ya pili, asubuhi tunaondoka Manyoni, Meneja aliniita pembeni.

"Bi Mwajuma, sitaki kukuudhi. Wateja wa mbele wanalalamika. Wanakaa kambini na njaa wakiwasubiri watu wako. Leo tunashuka kwenye mbuga ya Bahi. Watu wako wakipanda tena gari, kundi la nyuma nalifuta. Tutachukua wenye spidi peke yao."

"Na Mwalimu Nyemo je?"

"Mwalimu ataangalia picha za safari zijazo mtandaoni kama wengine."

Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto. Mwalimu Nyemo alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi Kigamboni, mama mnene, Mgogo, mwendo wake wa pole lakini hasimami. Kijiji alichozaliwa kilikuwa kwenye mbuga ile ile, kando ya barabara, na kambi yetu ya siku hiyo ilipangwa kwenye uwanja wa shule ya hapo. Nilipomweleza alichosema Meneja, alishika usukani wa baiskeli yake kwa mikono miwili.

"Bi Mwaju," akasema, "mama yangu nimemwambia nakuja kwa baiskeli. Alicheka mpaka akaangusha simu. Alinikataza baiskeli nikiwa msichana, unajua? Sasa leo nishuke kwenye gari mbele yake?"

"Hushuki kwenye gari," nikamwambia. Niliposema hivyo sikuwa na uhakika wowote.

Mteremko wa Saranda tuliushuka breki zikinuka. Kundi la mbele lilishatoweka. Chini kabisa, mbuga ilipofunguka, upepo ulitupokea. Ulivuma moja kwa moja kutoka mashariki, na vumbi lake. Karani mmoja wa benki kutoka Mbagala alisimama akasema baiskeli yake imeharibika. Niliiinua nikazungusha gurudumu, likazunguka bila tatizo. "Haijaharibika, kaka," nikamwambia. "Huo ni upepo." Nyuma yetu niliisikia pikapu ikipunguza mwendo.

Hapo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa mchuuzi wa nazi. Yeye na wenzake walizibeba kwa baiskeli kutoka Mkuranga hadi Temeke, magunia yamefunika keria na kubaki yananing'inia pande zote, na msimu wa kaskazi upepo uliwapiga usoni njia nzima. Walikwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake, na wa mbele akichoka alikaa pembeni, mstari ukampita, akajibanza nyuma kupumzika. Baba alikuwa akirudi nyumbani anaimba. Wachuuzi waliokwenda peke yao walirudi wamenuna.

Nikawakusanya watu wangu kando ya barabara, nikawagawia tende, nikawaambia: "Tunakwenda kama wauza nazi. Kaa nyuma ya mwenzio, tairi kwa tairi, nafasi ya mkono tu. Upepo ataula yeye, wewe utakaa kivulini mwake. Mnaziona nguzo za umeme? Wa mbele akipita nguzo ya pili, anakaa pembeni, anarudi nyuma, anaingia mbele yangu. Msinisubiri nipige kelele, kwa upepo huu hamtanisikia. Fuateni nguzo."

"Na mie mzito?" Mwalimu akauliza.

"Wewe ndiye kivuli kikubwa kuliko vyote," nikamjibu. Alicheka kwa nguvu, na kweli kila mtu siku hiyo aligombea kukaa nyuma ya Mwalimu.

Mwanzoni tuliyumba. Watu waliogopa kugusana matairi, mmoja akaingia majanini. Halafu mstari ukashika. Nguzo moja, nguzo ya pili, pembeni, nyuma. Nikaanza kusikia watu wanaongea, tena wanataniana, jambo ambalo kwenye upepo wa mbele husikii. Mzee Komba alisogea, akashusha kioo, akatutazama, akapandisha kioo, akarudi nyuma yetu.

Ndipo tukawaona watu wa kundi la mbele. Walikuwa wametawanyika kwenye mbuga, mmoja hapa, mwingine kule, kila mtu peke yake ameinamisha kichwa, maana kila mmoja alitaka kufika wa kwanza. Upepo uliwamaliza mmoja mmoja. Sasa, kanuni ya mkia nimekwambia: simpiti mtu. Kwa hiyo kila tuliyemfikia tulimchukua. "Ingia mstarini, kaka. Karibu kivulini, dada." Hakuna aliyekataa. Mstari ukarefuka, na zamu ya kuula upepo ikawa nyepesi kwa kila mtu.

Wa mwisho tuliyemfikia alikuwa Meneja. Midomo imepauka, chumvi ya jasho imechora fulana yake. Mzee Komba, Mungu amsamehe, alitupita na pikapu akatangulia kumfikia.

"Bosi, kiti cha mbele kipo wazi."

Meneja aliangalia gari. Aliangalia mstari. Kisha akanitazama mie, nyuma kabisa. "Bi Mwajuma, nafasi ipo?"

"Ipo," nikasema. "Kaa nyuma ya huyo karani wa Mbagala."

Tulipokaribia kijiji zamu ya mbele ilikuwa ya mtu mwingine, lakini kila aliyefika mbele alijitoa haraka mpaka ikamfikia Mwalimu, na hapo zikasahauliwa nguzo. Aliingia kijijini wa kwanza, msafara mzima nyuma yake, mgongo umenyooka. Mama yake, bibi mmoja mfupi, alitoka mbio kwenye ua akipiga kigelegele, akamshika yeye na baiskeli kwa pamoja. "Mbukwa! Mbukwa!" alimsalimu kwa Kigogo huku analia, na Mwalimu naye akilia, na mie ambaye siku zote huwasubiri wengine wamalize kulia sikuweza kujizuia. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Nilimfuata Meneja aliyekaa chini kwenye nyasi. Gari la huruma liliegeshwa pembeni, tupu.

"Nyuma hakuna mtu," nikamwambia.

Aliinuka kabla ya kujibu. "Mpishi, pakua," akasema. Kundi la nyuma halikufutwa. Ila toka siku hiyo hapakuwa na makundi tena, ulikuwepo msafara mmoja, na kila aliyepanga safari aliuliza kwanza mkia anasemaje kuhusu upepo.

Sasa nimestaafu. Magoti yanalalamika, lakini Jumapili asubuhi navuka daraja kwenda Kigamboni na wanawake wa mtaa wetu, wenye baiskeli za kila aina, na bado nakaa nyuma. Mwalimu Nyemo hutusubiri kwake na chai. Nafasi yangu aliichukua Halima, binti wa wauza samaki wa Kunduchi, mwenye mguu mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa. Nilipompa habari alinuna. "Mkia? Mie?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye asijue kwa nini.

Siku ambayo msafara unafika kambini, mume wangu anajua nyumbani hakuliwi mapema. Chakula kinakaa jikoni kimefunikwa, naye anazunguka sufuria akiguna. Simu ikilia naiwahi mwenyewe.

"Shikamoo, Bi Mwaju. Nyuma hakuna mtu."

"Marahaba, mwanangu," namjibu. Kisha napakua.