Wiki mbili natafuta viluwiluwi Kariakoo, naambulia sifuri

Wakuu, shikamooni walionizidi, na wengine habari za humu.

Mwenzenu umri umeenda, hata akaunti hii nimefunguliwa na mjukuu. Ninayosimulia yalinikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Majina tu ndiyo niliyobadili.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nasoma sayansi chuo kimoja huko Kusini, kwetu Masasi. Likizo ndefu wenzangu wanarudi kwenye mikorosho, mimi nikapata barua ya kwenda Dar kufanya field, yaani mafunzo ya kazini, miezi mitatu kwenye maabara moja ya serikali. Utafiti wenyewe: mbu wa mjini wanazaliana wapi.

Ukiacha bweni, sikuwahi kuishi mbali na mama. Akanifungashia unga wa muhogo na korosho, utadhani Dar watu hawali. Alilia kidogo, nami nikajikaza hadi basi lilipokata kona.

Chumba nikapata Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nyumbani kwa Bi Tatu. Mjane, nyumba vyumba sita, ulimi wa kukata bati.

Nikiri tu, nilipapenda tangu siku ya kwanza. Asubuhi chapati za moto barazani, jirani anakukaribisha chai kabla hata hajakuuliza jina. Nyumbani nilipakumbuka, ila tumbo halikulalamika.

Supervisor wangu alikuwa Dokta Kessy. Mama mkimya, akikutazama juu ya miwani unakumbuka makosa yako ya darasa la tatu. Akanipa upawa mweupe, chupa na daftari.

Kazi: nyumba kumi za mtaani kwetu, kila Jumatano. Enzi hizo maji ya bomba yakija leo hujui lini yatarudi, kwa hiyo kila uani kuna mapipa na mitungi. Nachota maji, nahesabu viluwiluwi, wale watoto wa mbu wanaojinyonganyonga majini, naandika.

Ripoti ikikataliwa, narudia mwaka. Na kwetu mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufika chuo.

Sasa hapo malezi yangu ndiyo yaliyoniponza.

Uani ni kwa wanawake. Kijana wa kiume utaingiaje tu na upawa wako? Nikaenda kwa Mzee Shomari, balozi wetu wa nyumba kumi, nikamwomba awaambie watu kwamba Jumatano nitapita kuhesabu vidudu kwenye maji.

Mzee wa watu akapita mlango kwa mlango. Ila neno "kuhesabu vidudu" aliona halina uzito. Akatangaza hivi: "Jumatano ndugu wa serikali anakuja KUKAGUA maji."

Jumatano nikaanza kazi. Nyumba ya kwanza sifuri. Ya pili sifuri. Zote kumi, sifuri! Na kila nyumba chai, kashata, karibu mwanangu. Wiki ya pili balozi akatangaza tena, ikawa vilevile.

Nikapeleka daftari. Dokta Kessy akafunua, akafunga, akanishika mkono. Mkono mzima vipele.

"Hivi umeumwa na nini?"

"Mbu, Dokta."

"Wanatoka wapi? Wanavuka na boti kutoka Zanzibar?"

Akanirudishia daftari.

"Kijana, data za kupika kwangu hazipiti. Nakupa wiki moja."

Wakuu, nilitembea kwa miguu hadi Kariakoo, nikihisi nimeonewa. Sikupika kitu. Sifuri zile nilizihesabu kwa macho yangu mwenyewe.

Bi Tatu alinikuta nimekaa uani, chakula sigusi. Akanibana mpaka nikasema. Nilitegemea pole. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Baba wewe! Balozi kasema mnakuja kukagua. Tangu Jumanne, wewe ukiwa maabara, mtaa mzima tunasugua mapipa kwa mchanga. Ulitaka mgeni akute uchafu wetu?"

"Bibi, mimi nautaka huo uchafu!"

Akaketi kando yangu. Kisha: "Kumbe sisi tunajisitiri, wewe unafelishwa."

Jumatano iliyofuata balozi hakuambiwa. Bi Tatu alijifunga khanga, akatangulia yeye. Hodi mlango wa kwanza, "Jisitirini wenzangu, nina kijana wa kiume," nami nyuma na upawa wangu. Jirani mmoja alikasirika kwelikweli, akaniuliza kama nimekuja kumwandikia aibu yake ili bwana afya aje kumtoza faini. Bi Tatu akasema, "Twendeni kwangu kwanza, mwone."

Nikachota kwenye pipa lake mbele ya wanawake sita. Nikahesabu kimyakimya. Arobaini na moja.

Nikasita na kalamu. Nakula kwake, nalala kwake. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Andika," akasema. "Andika wote, hata mmoja usimwache."

Baada ya hapo hakuna mlango uliofungwa.

Dokta Kessy alisoma hesabu mpya, nikamweleza yote. Nikaomba nizifute zile sifuri. Akaninyang'anya kifutio.

"Ukifuta hizi, huna ripoti. Neno moja la balozi limesafisha nyumba kumi kwa siku moja. Sisi na madawa yetu tumeshindwa mwaka mzima."

Nikapita mwaka, tena vizuri.

Ila kabla sijaondoka Dar, balozi aliitisha mkutano wa mtaa ili nisome matokeo. Dokta alinikataza kutaja nyumba ya mtu, kwa hiyo nikasema tu pipa moja lilikuwa na viluwiluwi arobaini na moja. Watu wakaguna, wakaanza kutazamana.

Bi Tatu akasimama katikati ya mkutano.

"La kwangu hilo. Sasa kila Jumanne nasugua. Nyie je?"

Nilichojifunza: kwenye utafiti kila jibu la ajabu lina watu nyuma yake. Kabla hujafuta, nenda kaongee nao. Elimu yangu nimeijenga juu ya aibu ya Bi Tatu, nami namshukuru hadi leo.

Haya, uwanja wenu. Wewe ulipoondoka kwenu mara ya kwanza, nani alikubali kujishusha ili wewe upite? Na wa Kariakoo ya zamani mpo humu? Jitokezeni.