Njiwa Niliyemchonga Mviringo

Wengi hapa parokiani mmekwisha kuisikia habari hii kutoka kwa midomo ya wengine, na kila mdomo umeongeza chumvi yake, basi acheni niieleze mimi mwenyewe niliyetolewa kanisani nimeshikwa mkono siku ya ndoa ya binti yangu. Ni aibu, sikatai. Namshukuru Mungu kwa mengi aliyonitendea, na nimejifunza kuvumilia, lakini jambo hili hata katika sala sijaweza kulimeza lote, maana mpaka leo sioni kosa langu lilikuwa wapi. (Mke wangu Veronika analiona. Atawaambia mkimwuliza, na hata msipomwuliza.)

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinaanguka hapa Likasi. Kiwanda kilikuwa kimenyamaza, mishahara ilikuwa imebaki hadithi, maduka ya mjini yalikuwa yameporwa mpaka mbao za rafu, na ukitafuta kadi ya Noeli au ya ndoa hukuona hata moja ya dawa. Basi mimi, ambaye kiwanda kilinirudisha nyumbani na jozi ya bote za mpira zisizo na kazi tena, nilikata soli zake na kuanza kuchonga kashe, yaani mihuri ya kupambia kadi. Nilitumia wembe na kisu cha fundi viatu. Kazi hiyo inataka utulivu, kwa sababu picha unaichonga imegeuka, mkono wa kuume uwe wa kushoto, na ukikosea mstari mmoja umeharibu kipande kizima. Nilichonga kikombe kwa ajili ya Komunyo ya kwanza, nyota ya Noeli, tawi la Pasaka, zote za mraba. Karatasi ngumu nilizikata kwenye kalenda za miaka iliyopita, maana mgongo wake ni mweupe, na masista walinipa chupa ya wino wa zambarau. Watu walizipenda kadi zangu, nami nilizitoa kwa furaha, nikaona kwamba hata nchi ikianguka mtu anaweza kumpelekea mwenzake kitu kizuri.

Kisha binti yetu wa mwisho, Georgette, akachumbiwa na kijana mwema aitwaye Dieudonné. Baba yake Dieudonné alikuwa amefariki, na kwa kabila lao, hata baba angekuwa hai, anayesema neno la mwisho ni mjomba, ndugu wa mama. Mjomba huyo aliitwa Papa Mulenga. Asiposimama yeye mbele ya watu na kusema "tumemupokea huyu mutoto", hakuna ndoa, na padri wetu alikuwa ameonya wazi kwamba habariki watu ambao jamaa zao hawakusimama pande zote mbili. Kwa hiyo katika ndoa hii wageni wote wangeweza kukosa, bibi arusi angeweza hata kukosa viatu, lakini Papa Mulenga hakuruhusiwa kukosa.

Kwa heshima yake nikataka kadi ipite zote nilizowahi kutengeneza. Nikachonga njiwa, Roho Mtakatifu, mabawa yamefunguka, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo: badala ya mraba nikamkata mviringo, nikamzungushia duara mbili na misalaba midogo katikati yake. Nilifikiri hostia. Naapa sikufikiri kitu kingine ila hostia. Bahasha hazikuwepo, kwa hiyo nikakunja kadi, nikaibandika kwa bukari laini, yaani ugali, na juu ya ufungio nikamgonga njiwa wangu kwa wino wa zambarau. Veronika akaitazama, akasema, "Baba Georgette, hii inafanana na ya Leta." Leta ni Serikali, ndivyo tunavyoiita. Nikamjibu, "Leta iko na njiwa?" Akanyamaza. (Sasa anasema hakunyamaza, kwamba alinikataza waziwazi. Tuyaache.)

Baba wa bibi arusi hapeleki mwenyewe kadi kwa wakwe, ingekuwa kama kuwaburuta. Nikamwomba jirani yetu Papa Kasongo, mlinzi wa bohari, aipitishe asubuhi akitoka kazini. Mtu mpole kuliko wote katika mtaa wetu wa Kikula, na akaipeleka kweli, akarudi akaniambia ameiweka mikononi mwa mke wa Papa Mulenga. Nikamshukuru, nikalala mchana ule kama mtoto.

Ikafika Jumamosi, ambayo sisi tunaiita posho. Kanisa limejaa, kwaya imevaa sare, Georgette amesimama mlangoni katika gauni ambalo mama yake alilishona kwa pazia la nyumba yetu (likawa zuri, nani aseme), na benchi la mbele la upande wa kijana lina mama yake peke yake, analia. Nikamwendea.

"Mulenga haiko kwake tangu juzi," akaniambia. "Muke wake anasema Leta inamutafuta."

"Inamutafuta juu ya nini?"

"Hajue. Muntu wa Leta alikuya asubuhi na karatasi. Mulenga akapita kwa dirisha."

Nikamsikitikia mkwe wangu kwa moyo wote. Nikapiga magoti palepale nikamwombea, na nikawaombea hukumu wale wanaotisha wazee wenye amani majumbani mwao. Nilikuwa bado nimepiga magoti nilipoona viatu vikubwa vinne vya askari karibu na uso wangu.

"Nani njo Papa Anaclet wa kashe?" mmoja akauliza kwa sauti, humo ndani ya nyumba ya Mungu, kofia kichwani.

Kanisa zima likanionyesha kwa kidole. Wengine walinionyesha kwa fahari, nadhani walidhani nimepewa nishani. Na mfuko wa kashe nilikuwa nao, maana nilitaka baada ya Misa kugonga kadi za ukumbusho, kwa hiyo walipoufungua na kumtoa njiwa wangu mbele ya altare, yule wa pili akasema, "Njo hii!" kama mtu aliyekamata bunduki. Wakanishika mkono. Georgette akaita, "Papa?" nami nikapitishwa mbele yake.

Tulipita katikati ya soko la Kikula, mimi na suti yangu na ua kifuani. Sijui kwa nini hatukuzunguka. Wauza mihogo wakasimama.

"Ah, Papa ya Misa! Na weye?"

"Sadaka haitoshe tena?"

"Papa, nitengenezee na miye diploma, nikuwe dokta!"

Huyo wa diploma nilimfundisha katekisimu mwenyewe.

Ofisini, mkuu wao alikuwa ameketi nyuma ya meza isiyo na droo, mtu mnene kidogo ambaye mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa sababu unene ulikuwa unamwacha. Akamgeuza njiwa mkononi.

"Hii njo serivisi gani?"

"Ni Roho Mutakatifu, shefu."

"Roho Mutakatifu iko na biro wapi?"

Ofisi ya Roho Mtakatifu! Mwamini mwenzangu, ungejibu nini? Nikamweleza ndoa, kadi, hostia. Akanisikiliza kisha akatikisa kichwa kama mwalimu. "Papa, weye ni muntu ya masomo. Kashe ya mraba, njo ya muntu. Kashe ya mviringo, njo ya Leta. Mutoto mudogo anajua." Akaamuru niwekwe ndani.

Ndani kulikuwa na giza, na katika kona alikuwa ameketi mzee amekumbatia magoti yake. Alikuwa Papa Mulenga.

"Na weye banakukamata?" akaniuliza kwa huruma kabisa. Ndipo akanisimulia. Alfajiri mtu wa koti la kaki na bote nzito alibisha mlangoni (Papa Kasongo wetu, mlinzi, na sare yake ya kazi!), akaacha karatasi yenye kashe ya mviringo bila kusema imetoka kwa nani. Papa Mulenga, ambaye siku zile alikuwa akichimba madini kwa kujificha kule Shinkolobwe, ambako Leta imekataza, akaona saa yake imefika. Akaitia karatasi mfukoni, akatoka kwa dirisha, na kwenye kizuizi cha njia ya Kamatanda askari wakampekua, wakaona kashe wasiyoijua, wakaogopa kuifungua, wakamrudisha hapa nayo. Kwa kipigo kidogo akakubali kwamba karatasi aliipokea kwake Kikula, na Kikula nzima inajua nani anachonga mpira.

"Lakini Papa Mulenga," nikasema, "hukuisoma?"

"Kuisoma?" Akanitazama kama nimepotewa na akili. "Karatasi ya Leta, ukiifungula, njo umekubali umeipata. Usipoifungula, haikukufikia. Hata banifungie, banipige, miye sifungule."

Akaitoa kwa ndani ya shati. Ilikuwa imekunjamana, ina jasho, na njiwa wangu bado ameushika ufungio vizuri kabisa. Siku nyingine ningefurahia ule bukari.

"Fungula," nikamwambia.

"Sifungule."

"Mukwe wangu, fungula! Ni miye naliandika!"

Akaifungua kwa ukucha, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma polepole jina lake mwenyewe kwa herufi zangu za mapambo, kwamba familia yetu inamwomba kwa heshima zote aje kumpokea binti yetu, Jumamosi. Kisha akauliza, "Leo ni siku gani?"

"Ni posho."

"Aba!" akasema, akajishika kichwa.

Kumbe mkuu alikuwa mlangoni anasikiliza. Nikafikiri sasa ameelewa, atatuachilia. Akaniita mezani na kufunua kitambaa: kashe ya ofisi yao, mpira umelika mpaka kimebaki kivuli cha duara. Akasema Kinshasa haikuwa imewaletea nyingine, kwamba karatasi zao hata kwenye kizuizi zilikuwa zinachekwa. "Nimeona mukono yako, Papa. Utuchongee. Ukimaliza unaenda na muzee wako."

Damu ikanipanda. Nilimwambia, na sikushusha sauti, kwamba ananifunga mbele ya altare kwa kughushi kashe ya Leta, na sasa ananiomba nighushi kashe ya Leta.

"Haiko kughushi," akasema kwa upole. "Ni Leta yenyewe inakuomba."

Nikakataa. Nikasema nilichonga njiwa kwa dhamiri safi na sitachonga kitu kingine kwa dhamiri chafu, na ndoa ikivunjika itavunjika. Nilisema hivyo, lakini moyoni nilimwona Georgette mlangoni pa kanisa katika lile pazia. Akanirudisha ndani.

Ndipo tukasikia kwaya. Kwanza mbali, kisha sokoni, kisha chini ya dirisha: Georgette mbele, gauni limekuwa jekundu chini kwa vumbi, Dieudonné amemshika mkono, mama wakwe wote wawili, padri katika kanzu yake, na nyuma yao nusu ya soko, hata yule wa diploma. Georgette akapanda ngazi, akaketi pale, gauni na yote.

"Papa yangu iko umu. Muyomba wa bwana yangu iko umu," akamwambia mkuu. "Kama habatoke, tutaolewa hapa."

"Mama, hapa ni biro ya Leta!"

"Basi Leta itaimba pamoja na siye."

Na wanawake wakapiga vigelegele mpaka askari wakacheka. Papa Mulenga akapanda juu ya ndoo, akatoa uso kwenye nondo za dirisha na kupiga kelele, "Tumemupokea huyu mutoto!" Watu wakashangilia. Padri akainua mkono kusema kwamba hapo si mahali pake, lakini hakuna aliyemsikia.

Mkuu akatazama umati, akatazama bibi arusi, akaniita tena. Akainama sikioni pangu. "Feti iko wapi?"

"Kwangu."

"Kuna nyama?"

"Mbuzi."

Akanyoosha mkanda wake. "Na miye? Kadi yangu iko wapi?"

Hasira niliyokuwa nayo dakika ile Mungu peke yake aliipima. Lakini mtu aliyekuwa na njaa ananiomba kula, na imani yangu hainiruhusu kumchagua mwenye njaa. Nikaandika jina lake kwenye kadi. Nikachukua kashe yangu ya mraba, ile ya nyota. Akaukamata mkono wangu.

"Ya mraba haina nguvu," akasema. "Nipigie ya mviringo."

Nikampigia, akatufungulia, tukarudi kanisani, na ndoa ikabarikiwa na pande zote mbili zimesimama. Mkuu akaja kwenye karamu na askari wake wote, akaonyesha kadi mlangoni, akaketishwa mezani pa wazee kati yangu na Papa Mulenga, akala paja zima, na alipoinuka akatoa hotuba kuhusu uaminifu. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na hilo silijutii.

Mwaka uliofuata Georgette alijifungua mtoto wa kike, akaniletea karatasi ngumu na kuniomba kadi za ubatizo, akicheka. Nilimrudishia karatasi. Nikavaa viatu, nikashika fimbo, nikaenda mlango kwa mlango Kikula yote, na mpaka leo ndivyo nifanyavyo: habari njema nazipeleka kwa mdomo. Kwa Papa Mulenga nilifika mchana, nikaita jina langu kwa sauti tangu barabarani, na bado nilisikia dirisha la nyuma likifunguliwa.