Dakika Ishirini za Mama Pendo Kule Xintang

Niliondoka Mwanza mwezi wa nane kwa sababu isiyo na utukufu wowote: jinzi za Krismasi. Ukichelewa, wenzako wanajaza maduka na wewe unabaki kuuza soksi. Nilisafiri na Mama Pendo, jirani yangu wa fremu ya duka, mwanamke mwenye sauti ya kwaya na presha ya kupanda. Vidonge vyake aliviacha nyumbani makusudi.

"Vinanikojoza, Mama Joshua," aliniambia uwanja wa ndege Dar. "Nitanunuaje mzigo huku natafuta choo?"

Nikacheka. Niliona ana hoja kabisa.

Guangzhou, kule China, ilitupokea kwa joto la kuivisha maharage. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, tulikodi gari kwenda Xintang, mji ambao kila mlango una cherehani na jinzi. Njiani tukakumbushana mchezo wetu. Bei ikigoma, Mama Pendo anashika kichwa na kuyumba. Laoban, yaani bosi, anaogopa mgeni asije akamfia juu ya mzigo, anapunguza haraka tuondoke. Mungu atusamehe, mchezo ulikuwa unalipa.

Saa nne kasoro tulikuwa kwenye karakana ya mama mmoja mfupi asiye na masihara, simu ya kutafsiri mkononi. Feni mbili, cherehani thelathini. "Tai gui le!" nikamwambia, ghali mno. Akatikisa kichwa. Saa nne na dakika kumi kwa saa ya ukutani, Mama Pendo akaanza kuburuta maneno, akaegemea marobota. Nikasema moyoni, leo shosti kapania! Nikacheka kwa sauti, nikaendelea kubishana.

Dakika ishirini nzima. Bei ikashuka kweli, nikageuka kumkonyeza. Akajaribu kutabasamu, na upande wa kushoto wa mdomo haukwenda popote.

"Mama yangu wee, joto!" Nikammwagia maji kichwani, nikamnywesha mengine. Yakamtoka pembeni mwa mdomo, akapaliwa.

Laoban alininyang'anya chupa. Akamgusa shingo na kwapa: vuguvugu tu, kama sisi wote. Akamwinua Mama Pendo mikono yote miwili, akaiachia. Wa kulia ukabaki juu, wa kushoto ukaanguka. Simu yake ikatamka kwa Kiswahili cha ajabu: "Si joto. Mtu wa joto anawaka kama pasi, anaweweseka, mwili wote unalegea. Huyo tunamvua nguo, tunamwagia maji, tunampepea, tunamwekea barafu, tunaita gari. Huyu ni upande mmoja. Ni ubongo. Asinywe kitu." Alikuwa ameshaita ambulensi. Tukamlaza kwa ubavu.

Hospitali, daktari aliuliza jambo moja kabla ya yote: kiharusi kilianza saa ngapi?

"Saa nne na nusu," nikajibu. Ningesemaje mbele za watu kwamba nilimtazama nikicheka?

Daktari akaniambia kupitia simu: ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ina saa zake. Saa ikiwa ya uongo, dawa inaweza kumfanya avuje damu kichwani.

"Saa nne na kumi," nikasema. "Nilimwona. Nilidhani anaigiza."

Hakunigombeza. Aliandika tu, wakamkimbiza kwenye kipimo cha kichwa, wakaona hakuna damu iliyovuja, wakamchoma dawa. Nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu yuleyule niliyekuwa namsumbua kwa mambo ya bei.

Tulirudi baada ya wiki tatu. Jinzi zilikuja na kontena. Maneno ya Mama Pendo yalikuwa yamerudi, mkono wa kushoto bado mzito, na vidonge vya presha vilikuwa kwenye pochi yangu, sitaki mchezo. Ndani ya ndege nilimfunga mkanda, kisha nikamwambia habari ya zile dakika ishirini. Nilishindwa kumtazama usoni.

"Najua," alisema. "Nilikuita mara tatu. Ukacheka."

Nililia mbele ya abiria wote. Tangu hapo, mtu akiburuta neno moja tu mbele yangu, simuulizi kama anatania. Naangalia saa, namwambia atabasamu na ainue mikono. Nikiwa nimekosea, acha anicheke yeye.