Mkalimani wa Neno Moja

Hezekia alikuwa amefanya kazi ya ukarani na ukalimani pale boma la Njombe kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amekosea. Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu mwenye akili wasiwasi, lakini Hezekia hakuwa mtu wa wasiwasi. Alikuwa na koti jeusi, kalamu mbili mfukoni, na viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Watu wa kwao Ilevelo walimwita Mdomo wa Serikali. Jina hilo alilipenda, tusidanganyane.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikijua Kiswahili barabara ila Kibena hakukijua. Wazee waliokuja barazani walikuwa na Kibena chao, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni: cha kununulia chumvi kilitosha, cha kubishana na serikali hakikutosha. Katikati yao akaketi Hezekia, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kilutheri, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule.

Sasa wazee wa upande ule wa Ilevelo walikuwa na adabu yao ya kusikiliza. Mkubwa akisema jambo zito, hawamjibu palepale. Kumjibu palepale ni kama kumwambia kwamba maneno yake ni mepesi, hayakuhitaji kufikiriwa. Wao hupiga makofi ya chini chini, viganja vimekunjwa kidogo, husema "Tumesikia," kisha hurudi nyumbani kulizungumza. Siku ya tatu huja na jibu lao, likiwa la ndiyo au la hapana.

Hezekia aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini katika baraza lake la kwanza, mwaka wa arobaini na mbili, alipokuwa na miaka ishirini na miwili, Bwana Shauri wa siku zile alimgeukia na kumuuliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema wamesikia, bwana."

"Masikio yao nayaona. Nimekuuliza, wamekubali au hawakukubali?"

Ungekuwa wewe ungesemaje? Mzungu amekukazia macho, kalamu yake iko juu ya karatasi, na kazi umeipata juzi. Hezekia akajibu, "Wamekubali, bwana." Bwana Shauri akatabasamu, akaandika, na baraza likaisha kabla ya chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo tafsiri. Mabwana Shauri walikuja na kuondoka, kila mmoja baada ya miaka miwili mitatu, na kila mmoja alimrithi Hezekia pamoja na neno lake. Wazee waliporudi siku ya tatu walimkuta yeye mlangoni, kalamu mfukoni, akiwaambia kwa upole, "Shauri limekwisha katwa, wazee wangu. Serikali imeamua." Wazee walitazamana, wakajifunga mablanketi yao, wakarudi walikotoka. Hezekia alijiona anawaepusha watu na ugomvi. Mimi nasema alikuwa mwoga, na woga wake ulimpa mshahara, ndiyo maana hakuuita woga.

Basi ikafika Juni ya mwaka wa hamsini na tatu. Kipupwe kilikuwa kikali na ukungu ulikuwa haujainuka juu ya miti ya miwati wazee walipoingia barazani na makoti yao makubwa ya kijeshi, waliyorudi nayo watoto wao kutoka vitani. Wengine walitoka Makambako, wengine vijiji vya njiani. Kutoka Ilevelo alikuja jumbe wao, Mzee Kasimiri, mtu mrefu aliyetembea kwa fimbo ila hakuiegemea. Mbele yao alikaa Bwana Shauri mpya, aliyekuwa na miezi minane tu wilayani, na kando yake mganga mmoja wa serikali aliyekuja na ramani.

Walianza na daraja, wakaja kwenye mfereji wa maji, na Hezekia akatafsiri yote bila kumeza mate. Kisha Bwana Shauri akaweka kidole juu ya ramani.

"Dispensari ya Ilevelo tutaifunga," alisema. "Masika lori la dawa halifiki kule, na watu wa barabara kuu ni wengi zaidi. Dawa, vitanda na dresa mwenyewe vitahamia Makambako, pale njia panda. Tutajenga jengo la tofali za kuchoma. Mgonjwa wa Ilevelo atakwenda Makambako."

Hezekia akaanza kuyageuza maneno hayo kwa Kibena, kwa ile sauti yake nzuri ya barazani. Alikuwa amefika kwenye tofali za kuchoma ndipo maana ilipompata. Mkewe Getruda alikuwa Ilevelo, kwa mama mkwe wake, mimba ya miezi minane. Mtoto wao wa kwanza alifia tumboni. Wa pili alizaliwa akafa, na Getruda mwenyewe alimwagika damu hadi midomo ikawa myeupe, akaokolewa na Filbert, dresa aliyetibu watu katika dispensari ileile, aliyeitwa usingizini akaja mbio bila viatu. Kutoka Ilevelo hadi Makambako ni mwendo wa kutwa nzima kwa mtu mzima mwenye afya, na kuna mto wa kuvuka. Mwanamke anayetokwa damu hafiki.

Alimaliza kutafsiri. Hakujua alimalizaje.

Wazee wakapiga makofi ya chini chini. Mzee Kasimiri akasema kwa niaba yao kwamba wamesikia.

"Wanasemaje?" akauliza Bwana Shauri.

"Wamekubali, bwana."

Lilimtoka lenyewe. Miaka kumi na moja ulimi umepita njia hiyohiyo, haukungoja kuulizwa. Hezekia alilisikia neno lake likitua mezani, akafungua kinywa alirudishe, na Bwana Shauri alikuwa amekwisha simama.

"Vizuri sana. Lori liko hapa leo, tusipoteze safari. Saa nane liende Ilevelo likachukue kila kitu. Hezekia, zipige taipu kumbukumbu, nitie sahihi kwanza."

Saa yenyewe ilikuwa saa sita na nusu.

Chumba cha karani kilikuwa na dirisha moja lililotazama uwanjani. Hezekia aliweka karatasi kwenye mashine, akapiga tarehe, akapiga majina ya waliohudhuria, akapiga daraja na mfereji. Nje dereva alikuwa ameinua boneti la lori na anamimina maji kwenye rejeta kwa debe. Hezekia akapiga: Kuhusu dispensari, wazee wa Ilevelo wame. Hapo vidole vikakataa.

Alifikiri kuandika kwamba wamekataa. Huo nao ungekuwa uongo, kwa maana hawakukataa, na Bwana Shauri alikuwa amekwisha ambiwa kwamba wamekubali. Alifikiri kwenda kumwombea mkewe faraghani, kisha akaona jinsi atakavyojibiwa, kwamba serikali haiwezi kuweka dispensari kwa ajili ya mke wa karani. Kulikuwa na jambo moja tu la kweli la kusema, nalo lilikuwa refu, lilianzia mwaka wa arobaini na mbili. Akilisema, hana kazi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu na hakujua kazi nyingine yoyote duniani. Hata jembe mikono yake ilikuwa imelisahau. Jasho lilimtoka, na Njombe ile ya Juni haimtoi mtu jasho akiwa amekaa.

Odilo, tarishi wa boma, akachungulia mlangoni. "Kaka Hezekia, bwana anataka karatasi. Dereva naye anasema yuko tayari."

"Wazee wako wapi?"

"Wako pale ukutani wanaota jua. Wanakula viazi vyao kabla ya kuanza safari."

"Waambie wasiondoke. Nakuomba, ndugu yangu, hata mmoja asiondoke."

Akaichomoa karatasi ikiwa na neno lake nusu, akaenda. Mlango wa ofisi ya Bwana Shauri ulikuwa wazi. Hezekia alisimama mbele ya meza kubwa, akaiweka karatasi juu yake.

"Hii haijaisha," alisema Bwana Shauri.

"Ndiyo, bwana. Hawakukubali."

"Umeniambia wamekubali."

"Nilikosea, bwana. Walisema wamesikia. Ni heshima yao tu. Jibu huwa wanalileta siku ya tatu."

Bwana Shauri hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. Akaagiza wazee waitwe, wakaingia na kujipanga ukutani, wengine wakitafuna bado. Safari hii hakumtaka Hezekia. Aliongea nao mwenyewe kwa Kiswahili, neno moja moja.

"Mzee Kasimiri. Dispensari kuhamia Makambako. Mmekubali?"

Mzee alifikiri, akiokota Kiswahili chake kidogo kidogo. "Kukubali? Bado, bwana. Sisi kusikia tu. Kesho kutwa tunakuja, tunasema."

Nje lori likaunguruma. Bwana Shauri akapaza sauti dirishani kwamba lizimwe, likazimwa. Ndipo Bwana Shauri alipofanya jambo ambalo Hezekia hakulitazamia. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa faili nene la kumbukumbu za mabaraza na kuanza kulifunua kutoka nyuma.

"Matuta ya mlimani, mwaka wa arobaini na sita. Hapa pameandikwa wazee wote walikubali."

"Walisikia, bwana."

"Soko la Jumamosi kuhamishwa."

"Walisikia."

"Barabara ya Ilevelo, mwaka wa arobaini na tisa. Kupita mashambani na makaburini. Walikubali kwa moyo mmoja, ndivyo ilivyoandikwa."

Hezekia aliona aibu kuliko hofu. Maneno hayo ya moyo mmoja aliyaongeza mwenyewe, kwa kupenda jinsi yalivyosikika. "Walisikia, bwana," alisema.

Bwana Shauri akafunga faili. "Sijui hata ni sheria gani inayokuhusu," alisema. "Mpe Odilo funguo. Nisikuone ndani ya jengo hili."

Ukutani wazee walikuwa wameacha kutafuna. Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, ndiyo, ila hesabu hiyo haikuhitaji Kiswahili kingi.

Siku ya tatu wazee walirudi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja walikuta mlango hauna mtu wa kuwazuia. Mwalimu mmoja aliazimwa shuleni aje atafsiri. Walikaa tangu asubuhi hadi saa tisa. Hezekia alikuwa nje ya ua, amesimama chini ya miwati pamoja na watu waliokuja kudai haki zao na wasio na shughuli, hana koti jeusi, kwa sababu lilikuwa la serikali. Hakuruhusiwa kusikia lolote. Alihesabu mara ngapi Odilo alipita na birika la maji, akajaribu kusoma uso wake, na Odilo kila mara akatazama chini.

Kisha wazee wakatoka. Habari ilimfikia kabla yao, imebebwa na mwanamke aliyekuwa karibu na dirisha: wazee wamekataa, na Bwana Shauri amelipokea jibu lao. Dispensari inabaki Ilevelo. Filbert anabaki. Makambako watajengewa ya kwao mwaka mwingine, na kivuko cha mto kitatiwa mawe lori lipite masika.

Hezekia aliegemea mti, akalia waziwazi, mwanamume mzima. Katika mawazo alimwona Getruda kitandani na Filbert amesimama kando yake. Kazi imekwenda na iende. Aliona kwamba kwa mara moja katika maisha yake amefanya jambo la kiume, na nadhani alikuwa na haki ya kuona hivyo kwa muda ule mfupi.

Alipomwona Mzee Kasimiri akija, alijifuta uso, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu." Mzee alisimama. Wenzake walipita bila kusalimu, ila yeye alisimama. Alionekana amechoka kuliko siku ile ya ukungu.

"Nimefurahi sana, baba. Mmetuokoa."

"Mkeo atajifungulia nyumbani. Na mimi nimefurahi, mtoto hana kosa." Mzee alitazama chini kuelekea Ilevelo, ambako barabara nyekundu ilikuwa imekata shamba lake katikati. "Mwaka ule wa barabara tulikuja siku ya tatu. Tulikuja watu saba kusema hapana. Ulikuwa umesimama pale."

"Baba, mimi nilidhani..."

"Ulituambia serikali imeamua. Basi tukarudi tukamfukua mama yangu. Hatukuwaachia vibarua, tulimtoa wenyewe, mimi na ndugu zangu, mifupa yake nikaibeba kwenye blanketi langu hili. Nilikuwa najiambia ni amri, mtu hashindani na amri. Juzi mzungu amesoma kwenye faili kwamba tulikubali wenyewe, kwa moyo mmoja. Kumbe mzungu wa siku zile alikuwa anangoja neno letu, na sisi tulikuwa tunamwogopa yeye. Nilimfukua mama yangu, Hezekia, na hakuna aliyeniamuru."