Fungua Mlango: Mazoezi Yangu ya Wakili Siku ya Gulio, Mugoma

Aibu hii nilikaa nayo miaka kabla ya kuthubutu kuisimulia, na mpaka leo kuna mawakili wenzangu ambao nikiingia tu mahali wanagonga meza na kusema "fungua mlango", wanacheka mpaka wanafuta machozi, nami nacheka nao kidogo halafu nakasirika, kwa sababu kuna mtu katika kisa hiki ambaye hakuwa na cha kucheka, na hakuna anayeniuliza habari zake.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, barabara za Ngara zimejaa malori ya chakula cha msaada na pori limejaa majambazi. Nilikuwa wakili wa serikali, kijana, nimepewa kesi ya mauaji. Mkulima mmoja wa Bukiriro alikuwa ameuawa nyumbani kwake na watu waliovamia usiku, na mjane wake, Adelina, alisema alimtambua mmoja wao kwa sauti, ni jirani. Kwa sauti tu, maana taa haikuwepo. Asingesimama mahakamani akasema hivyo, jirani angerudi zake nyumbani, na shamba lake la migomba linapakana na la Adelina.

Sasa uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo kabisa: badala ya kupanda mlima kumfuata kwake, niliagiza aje ofisi ya kata Mugoma, kwa kuwa kulikuwa na matope na nilikuwa na viatu vipya (ndiyo, viatu). Sikujali kwamba ilikuwa siku ya gulio, wala kwamba madirisha ya ofisi ile hayakuwa na vioo.

Alikuja na wifi yake, Leokadia, dada wa marehemu. Nikamwambia Leokadia asubiri nje, nikafunga mlango kwa komeo, nikamkalisha Adelina ng'ambo ya meza.

"Nieleze tangu mwanzo, mama."

"Nimeshaeleza polisi," akasema, anatazama mikono yake. "Na kwa mtendaji. Na polisi tena."

"Nieleze na mimi."

Akaeleza, sauti iko chini, mara mbwa alibweka kwanza, mara mlango uligongwa kwanza, na kila akichanganya namkatiza: "Lakini mwanzo ulisema mbwa." Nilidhani namsaidia. Ndivyo tulivyofundishwa, kwamba shahidi wako umbane wewe kabla hajabanwa na wakili wa utetezi, na walimu walilisema jambo hilo kwa fahari, na hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba mtu aliyeona mumewe akiuawa hukumbuka vipande vipande, kwamba mbwa na mlango kuchanganyika si uongo. Tulipewa joho na kifungu cha sheria, tukatumwa kwa wajane. Linaniudhi mpaka leo.

Basi nikasema tufanye mazoezi, mimi niwe wakili wa mshitakiwa.

"Unasema alisema 'fungua mlango'. Mtu yeyote anaweza kusema hivyo. Alisema hivi?" Nikasema kwa sauti nyembamba. Akatikisa kichwa. "Au hivi?" Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaipiga meza kwa kiganja, na kwa sauti yote niliyojaliwa nikanguruma, "Fungua mlango, toeni mali, mtakufa wote!"

Gulio zima likanyamaza. Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, wa pili akalipokea, na miaka ile yowe halikuhitaji maelezo, watu wakakimbia, ndizi zikakanyagwa, nyanya zikasagika, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakauvunja mlango pamoja na komeo langu. Wakakuta mwanamume amevaa tai, mkono bado uko juu, na mjane yuko chini ya meza amejifunika kichwa.

"Uko na nani?" akauliza kamanda wao, mzee mwembamba mwenye rungu.

"Peke yangu. Mimi ni wakili wa serikali. Tulikuwa kwenye mazoezi."

"Ujambazi siku hizi mnaufanyia mazoezi ofisini?"

"Ya mahakamani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mfungeni."

Wakanifunga mikono kwa tai yangu mwenyewe, wakanipitisha katikati ya gulio. "Kumbe wanavaa tai," akasema mama mmoja anayeokota nyanya zake. "Na viatu vipya," akajibu mwenzake. Aliyeniokoa ni mtendaji wa kata, alikuja mbio anahema, na bado kamanda alidai aone kitambulisho changu.

Niliporudi ofisini Leokadia alikuwa amevua kitenge chake cha juu, anamfunga Adelina kiunoni, juu ya gauni lililolowa. Nikaelewa kwa nini, nikageuza uso.

"Wakili," akasema bila kuniangalia, "ile sauti aliisikia siku ile. Umemletea tena ya nini?"

Wakaondoka kwa miguu. Kesi ilikuwa wiki iliyofuata.

Kesho yake nilipanda Bukiriro na viatu vilevile, faili nikaliacha kwenye gari. Nikakaa waliponionyesha, mlango uko wazi, Leokadia yuko pembeni ya Adelina, wanapukuchua maharage. Nikaomba radhi. Nikamweleza mahakama inavyokaa, nani atamuuliza, kwamba anaweza kuomba apumzike, na kwamba "sikumbuki" ni jibu kamili.

"Leo huulizi?" akasema Adelina.

"Siulizi. Ukitaka kusema, nitasikiliza."

Maharage yakaendelea kwa muda mrefu. Kisha akaanza mwenyewe, na mimi neno langu lilikuwa moja tu, "halafu?" Mbwa na mlango bado vilichanganyika, nikaviacha. Wewe unayeanza kazi hii, usiogope kimya cha namna hiyo, kinavumilika, na mtu akipewa nafasi huongea.

Mahakamani wakili wa utetezi alisimama, mtu mzima, joho limemkaa vizuri. "Mama, alisema hivi?" Akavuta pumzi. Pumzi ile niliifahamu. Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka, nikasema napinga, mheshimiwa jaji, kwa sauti kubwa kuliko ile aliyokusudia kuitoa yeye, na kutoka benchi la nyuma mtu wa Mugoma akasema, "Ndiye yule wa fungua mlango." Ukumbi ukacheka, jaji akataka utulivu, nami nikabaki nimesimama nimefedheheka mara ya pili.

Adelina hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Jaji akaagiza swali liulizwe bila kelele. Adelina akamtazama Leokadia, kisha akayasema maneno yale mwenyewe, polepole, yote.

"Ni yule pale," akamaliza. "Namsikia akiita mbuzi zake kila siku. Sauti yake naijua."

Kwa hiyo wenzangu, mkigonga meza, gongeni. Mimi mbele ya shahidi sitagonga tena.