Mnazi wa Kiwanja cha Pili

Mume wangu hapendi nilisimulie jambo hili. Anasema yaliyopita yamepita. Sawa, yeye yamempitia. Mimi kila asubuhi nikifungua geti nauona mnazi ule umesimama pale pale, na bango letu la GURUDUMU KUBWA LINAKUJA limepauka hadi herufi mbili hazisomeki. Nimechoka kuwajibu watoto linakuja lini, kwa hiyo acha nisimulie.

Sisi si watu wa pwani. Mimi nimezaliwa kule juu, upande wa Amani, wazazi wangu wakichuma chai ya watu. Mume wangu ni Mshambaa. Tulikutana kwaya, hapa Tanga mjini, yeye akiwa fundi mitambo kiwandani. Alipostaafu, wenzake walijenga vyumba vya kupangisha, wengine wakanunua bodaboda. Yeye akaniambia anataka kufungua mahali pa watoto kuchezea. Nilimuuliza kama ana homa.

Lakini tukafungua. Kiwanja kimoja, nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Pangani: bembea, utelezi, kitreni alichokiunda mwenyewe kwa injini ya pampu ya maji, na lile puto kubwa la kurukia ambalo likipasuka unalishona kama suruali. Jumamosi walikuja watoto wa mjini, siku moja moja tukapata sherehe ya kuzaliwa. Katikati ya wiki palikuwa kimya mpaka unasikia kunguru wanagombana. Kilichotulisha ni Idi. Siku tatu zile watoto wa mji mzima huja na nguo mpya na pesa za sikukuu walizopewa na wajomba, wamezifumbata mkononi mpaka zimelowa jasho. Ndizo zilizolipa umeme na mafuta ya mwaka mzima. Sisi Walutheri tukawa tunauchungulia mwezi kuliko shehe. Jirani yangu wa Chumbageni alikuwa akinitania, "Mama kwaya, mwaka huu si usilimu tu?" Namjibu, "Mwezi ukiandama mapema, nitafikiria."

Baada ya Idi kadhaa watoto wakaanza kutuchoka. Wale wakubwa wakubwa walisimama getini, wakachungulia, wakasema "ya kitoto haya," wakaenda kula chipsi. Ndipo mume wangu akapata wazo la gurudumu, lile refu la viti linalozunguka juu, mtu akipanda anauona mji wote na bahari. Lilikuwa la mtumba, limeshuka bandarini kwa ajili ya mtu mwingine aliyeshindwa kulitoa. Kiinua mgongo kilichobaki kikaenda hapo, na mkopo juu yake. Sitaki kujifanya leo kwamba nilikataa. Nilimwona anavyolichora nyuma ya kalenda ya kanisa, uso umerudi ujana, nikasema haya, tujaribu.

Gurudumu halikuenea kwenye kiwanja chetu, tukanunua cha pili, cha jirani. Warithi watatu walitia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukapiga na picha. Nusu ya kiwanja hicho ni tope la mikoko. Nusu iliyo ngumu ilikuwa na mnazi mmoja katikati. Fundi wa zege akapima, akapigilia kigingi karibu kabisa na shina. "Ni hapa tu," akasema. "Kwingine kote litazama." Tukaona mnazi mmoja ni kitu gani.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la watu wa milimani. Kwetu ukinunua shamba umenunua na miti yake, na panya wake, na nyoka wake. Hatukujua kwamba pwani ardhi inaweza kuwa ya huyu, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine kabisa. Miaka yote tuliyokaa Tanga, tunakula nazi kila siku, hatukuwahi kuuliza.

Asubuhi ya kukata tulifika na mtu wa shoka. Tukamkuta bibi mmoja amekwishafika na mkwezi wake, kamba mabegani, anataka kuangua nazi. Wale wanaume wawili wakatazamana, mmoja na shoka, mmoja na kamba, kila mmoja anamshangaa mwenziwe.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Huyu na shoka anatafuta nini kwenye mnazi wangu?"

Nikampigia simu mmoja wa wale warithi, nimewaka. Wala hakushtuka. "Mama, mliulizia ardhi, tukawauzia ardhi," akasema. "Minazi mliiulizia? Huo ni wa shangazi yetu."

Bibi akatueleza bila kupandisha sauti. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Kitovu chake kilizikwa pale, na mnazi ukapandwa juu yake siku ile ile. Mtoto alikua, akaenda kufanya kazi melini. Akapiga simu mara chache kutoka bandari ambazo bibi hata majina yake hakuyashika, kisha akanyamaza. Miaka mingi ilikuwa imepita. "Mkiukata," akasema, "mie nitakuwa nimesema kafa. Nani kaniambia kafa?"

Nilikasirika, tena sana. Nilimwambia mume wangu njia nzima kwamba hatuwezi kufilisika kwa ajili ya kitovu cha mtu mzima mwenye ndevu. Kesho yake nikarudi kwa bibi na maneno ya asali: tutamnunulia minazi kumi mahali pengine, tutamwezekea nyumba bati jipya. Akasikiliza, akashukuru, akanipa nazi sita. Nilizikuna kwa hasira, nikapika wali. Ulitoka mtamu, Mungu anisamehe.

Gurudumu likalala chini kwenye kona, vipande vipande, limefunikwa turubai. Tulikwenda kwa mwenyekiti, tukaitisha wazee, wote wakasema neno moja: mnazi ni wake. Fundi wa zege akakataa kusogeza kigingi. Kibali kikaisha muda, tukaomba kingine, nacho kikaisha. Chumvi ya bahari ikaingia chini ya turubai, viti vya rangi nyekundu na njano vikaanza kuwa kahawia. Watu wa benki walikuja na viatu vinavyong'aa, wakaliinua turubai kwa vidole viwili, wakaondoka bila kunywa hata maji. Idi moja mvua ikanyesha siku zote tatu. Mume wangu alikaa ndani ya kitreni chake, peke yake, anatazama matone. Nilitaka kumsogelea nikamshike bega, nikaona uvivu. Ndivyo tulivyokuwa tumechoka.

Bibi naye kila baada ya miezi miwili mitatu anakuja na mkwezi. Ningemfukuzaje? Nikawa namchemshia chai. Siku moja akaniuliza, "Na wewe, mwanangu, kitovu chako kiko wapi?" Nikamwambia sijui. Tulikaa nyumba za kampuni, leo mstari huu, kesho ule, mama yangu asingepanda kitu mahali pasipo pake. Bibi akaacha kunywa, akanitazama kwa huruma ya kweli. Mimi niliye na viwanja viwili na gurudumu, nahurumiwa na bibi wa mnazi mmoja! Niliumia, kwa sababu alikuwa na haki ya kunihurumia. Tangu siku hiyo sikumwomba tena. Mume wangu aliliona hilo. "Umehamia upande wake," akaniambia. Na ni kweli.

Kisha miguu ya bibi ikavimba, mpwa wake akaja kumchukua akauguzwe Mkwaja. Alikaa huko miezi. Ni katika miezi hiyo benki ilipotuletea barua ambayo haikuwa na "tafadhali" ndani yake. Tukaliuza gurudumu kwa watu wa vyuma chakavu. Walikuja na malori mawili na gesi ya kukatia, wakalikata kutwa nzima. Mume wangu hakutaka kuona, akasema anakwenda kununua bulbu. Alirudi jioni mikono mitupu. Wale watu walikuwa wametuachia kiti kimoja, kilichopinda ubavu, nami nikakiweka getini kiwe benchi la wazazi wanaosubiri. Mume wangu akakipita kama hakioni. Kuanzia hapo akawa haji tena uwanjani ila kwa kubembelezwa. Kutwa yuko nyumbani na redio, na hata redio haisikilizi.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, basi dogo likasimama barabarani, akashuka bibi. Ana fimbo, ana mkoba, kanga yake mpya bado ina gundi. Hajapita hata nyumbani kwake. Nikamkimbilia, "Shikamoo, bibi! Umepona?"

"Marahaba. Nimepata nafuu, alhamdulillahi. Mwite yule wako wa shoka."

"Wa nini, bibi?"

"Aje akate." Akaelekeza fimbo kule kwenye mnazi. "Nililala kule Mkwaja nikawaza. Mumeo amekonda. Nyinyi mngeweza kuja na watu mkaukata nikiwa sipo, nani angewazuia? Hamkuukata. Nikasema basi, kama ni kungoja nimengoja. Watoto wa watu wapande, wafurahi. Na mie nitapanda, wallahi, mara moja tu, nione huko baharini walikokuwa wanakwenda hao vijana wetu."

Nilibaki nimeshika mkoba wake. Nikatafuta uongo mzuri. Nimefundisha watoto Jumapili miaka ishirini kwamba uongo ni dhambi, na siku nilipouhitaji sikuupata.

"Bibi, gurudumu hatuna. Tumeliuza. Limekatwa."

Akanitazama, kisha akatazama kona ya turubai. Palikuwa na majani makavu na alama za matairi ya lori.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

Nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye kile kiti cha getini. Akakipapasa rangi yake iliyobambuka. "Hiki ni chake?" Nikamwambia ndiyo, ndicho kilichobaki. Akatingisha kichwa polepole. Nikaanza kubabaika, nikasema mambo mengi kwa pamoja: kwamba kosa ni letu, kwamba tungeuliza mapema, kwamba yote haya yasingekuwepo. Na nikasema, jamani, nikidhani namfariji, "Lakini bibi, shukuru Mungu, mnazi haujakatwa. Upo. Rudi nao nyumbani moyoni, umngoje mwanao kama zamani."

Kitreni hakikuwa kikifanya kazi siku ile, hata bembea hazikuwa na mtu. Bibi akasogea upande mmoja wa kiti, maana kilikuwa cha watu wawili, akanipigia pale pembeni yake nikae. Nikakaa.

"Siwezi tena," akasema. "Ningewapaje mnazi wa mtu aliye hai? Nilimwita mwalimu wa madrasa Alhamisi iliyopita, nikamsomea mwanangu hitima. Watu wameshakula pilau, mwanangu, wameshanipa pole, wameshaondoka."